Kiti cha Kushoto

Pikapu aliyoiacha Mutale ilikuwa ya buluu, lakini mlango wake mmoja ulikuwa mweupe. Ulikuwa mlango wa dereva, upande wa kulia. Ule wa asili ulibaki chini ya tela la lori kwenye barabara ya Kasumbalesa, siku ambayo Mutale mwenyewe alibaki huko. Lubumbashi gari halifi. Anakufa mwenye gari. Mafundi wa Katuba walinyoosha mabati, wakachomelea nguzo, wakang'oa mlango kwenye gari jingine lililochoka, wakaupachika bila kujali rangi, na pikapu ikarudishwa kwa mjane ikinguruma kama vile haikufanya kosa lolote.

Mjane huyo ni Falonne, mama yake Abigaël na wadogo zake wawili. Baada ya matanga, wakwe walikuja kubeba vitu, maana ndivyo baadhi ya wakwe wanavyofariji. Walibeba friji, makochi, televisheni, hata pazia la sebuleni. Walipofikia ufunguo wa pikapu, Chisanga, mdogo wake Mutale, akasimama.

"Motokari hapana," akasema. "Motokari iko ya mama Abi. Atajifunza kuendesha, atafanya njia ya Kasumbalesa, atalisha batoto ya yaya yangu Mutale. Miye njo nitamufundisha."

Wakwe wakatazamana, wakauacha ufunguo. Ni vigumu kubishana na Chisanga juu ya gari lile. Siku ya ajali alikuwa ndani yake, kwenye kiti cha kushoto, akatoka na mfupa wa bega uliovunjika na si zaidi ya hapo.

Mtu mmoja tu hakuupenda wema huo, naye ni Régine, dada mkubwa wa Falonne, muuza vitenge, mwanamke ambaye hasahau neno hata ukilisema akiwa amelala.

"Falonne, fungua macho," alimwambia wakiwa jikoni. "Bwana yako anakufa, ye anatoka muzima. Sasa anakuya kukufundisha mu ile ile motokari? Anatafuta nini?"

"Yaya, anatusaidia."

"Anatusaidia! Wee haukusikia maneno yake ku kilio?"

Falonne alisikia. Watu wote walisikia. Siku zote za matanga Chisanga alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono ukining'inia kwenye kitambaa, akirudia maneno yale yale kwa kila aliyemsogelea: "Njia ilikuwa vide. Miye niliangaria. Njia ilikuwa vide kabisa. Ule camion alitoka fasi gani?" Wazee wakasema ni mshtuko, kijana ameumia. Régine akamnong'oneza mdogo wake: njia tupu gani yenye lori?

Hapa lazima nieleze kitu, kwa faida ya wanaoishi kwenye nchi zenye akili ya kulinganisha magari na barabara zao. Kongo tunapita kulia. Lakini magari tunayoyamudu yanatoka Ujapani, yanashushwa Dar es Salaam, yanapita Zambia, na usukani wake uko kulia pia. Kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu isipokuwa matako ya lori. Anayeona ni abiria wa mbele, aliyekaa kushoto, upande wa katikati ya barabara. Yeye ndiye anatoa kichwa dirishani na kusema pita, au ngoja. Watu wamezoea kiasi kwamba hawashangai tena. Unampa mtu wa kando yako roho yako, naye anaitunza huku anatafuna karanga.

Siku ile Mutale alipewa neno na mdogo wake, akatoka kupita. Kilichofuata mnakijua. Falonne hakujua kama neno lile lilikuwa kosa au lilikuwa nia, na hakuwa na mtu wa kumuuliza zaidi ya mwenye kulisema. Alichojua ni kwamba watoto wanataka kula, kwamba bidhaa za bei nafuu ziko Kasumbalesa, kwamba bila pikapu hafiki na faida, na kwamba pikapu ile inahitaji mtu kwenye kiti cha kushoto. Mtu pekee aliyejitolea kukaa pale alikuwa Chisanga.

Akakubali kufundishwa.

Walikwenda upande wa Luano, ng'ambo ya uwanja wa ndege, kwenye mbuga ya vichuguu na nyasi zilizoungua. Klachi ya pikapu ilikuwa nzito kama pedali ya cherehani ya kizamani. Mara za mwanzo gari liliruka kama mbuzi anayevutwa sokoni, likazima, likaruka tena, likazima. Falonne alitokwa jasho hadi kitambaa cha kichwa kikalowa. Chisanga hakukasirika. Wanaume wengi wakifundisha mwanamke gari wanageuka simba. Yeye alikaa ametulia, mikono kifuani, uso mbele.

"Usiangarie levier," alimwambia alipomwona akiitazama gia. "Usiangarie hata kintu. Sikiliza moteur. Ikilia sana, inakulomba vitesse ya mbele. Ikitetemeka, inakulomba ya nyuma. Na ambrayage, uiachilie polepole mpaka usikie chini ya muguu kama inakamata. Inakamata?"

"Inakamata! Beau, inakamata!" Falonne akamwambia shemeji yake.

"Sasa moto kiloko."

Falonne akakanyaga mafuta kidogo, pikapu ikaondoka. Haikuruka, haikuzima, iliondoka taratibu kama mtu anayeinuka kutoka kwenye sala, na Falonne akapiga kelele ya furaha iliyowafanya kunguru waruke. Kumbe kweli injini inasema. Ililia, akakanyaga, akavuta gia ya pili. Ikalia tena, akasukuma ya tatu, na safari hii hakuna kilichokwaruza. Upepo ukaingia dirishani. Alikuwa anacheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishi, na alipojisikia anacheka, ndani ya gari lile, juu ya kiti kile, akaona haya na akaendelea kucheka.

Kulikuwa na jambo jingine lililomfurahisha, la kwake peke yake. Falonne alizaliwa mashoto. Bibi yake alimchapa mkono wa kushoto, masista wa shule wakauchapa, na hadi utu uzima alikuwa akiuficha kwenye kitenge akisalimia wazee. Sasa gia ilikuwa kushoto kwake, na mkono ule uliotukanwa maisha yote ndio uliokuwa unajua. Ulijua kabla yake. Wakati mwingine alishtukia umeshabadilisha gia naye bado anafikiria. Jioni alipika akiwaza barabara, mkono ukichezacheza juu ya mwiko, na Abigaël akamuuliza mama una nini.

Angefurahi kabisa kama si mambo madogo madogo.

Siku moja, katika mbuga ile ile, alikuwa anaendesha kwa gia ya tatu, akijisikia bingwa, akageuza kichwa kumwambia Chisanga jambo. Alipoangalia mbele tena kulikuwa na kisiki, kipana, cheusi, kimekaa kwenye majivu meusi. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu ikasimama, kisiki kikiwa kimeigusa bampa. Chisanga alirushwa mbele, akashika dashibodi.

"Eh! Nini?"

"Beau, haukuona kisiki?"

Akaachia dashibodi. "Niliona," akasema. "Nilitaka kuona kama wee utaona."

Falonne alimsimulia Régine, na Régine akaacha kukunja kitenge alichokuwa akikunja.

"Muntu anaona unaenda kujiua, na ananyamaza?"

"Alisema ananipima."

"Mm. Anakupima." Régine akaendelea kukunja kitenge, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele zake.

Tena kulikuwa na jinsi Chisanga alivyokuwa akimpita njiani. Falonne alikutana naye barabarani mara kadhaa, akampungia mkono toka ng'ambo, naye akapita na uso mkavu kama haoni mtu. Mama mzazi wa Chisanga alilalamika hivyo hivyo: tangu ndugu yake afe, Chisanga amekuwa na kiburi, hasalimii. Kazini kwake, kwenye shughuli za forodha Kasumbalesa, alikuwa anasifiwa kwa kusoma. Karatasi yoyote aliiinua hadi puani, akaisoma yote na herufi zake ndogo, na wenzake wakamtania kwamba ananusa kama ni ya kweli. Lakini tangu ajali hakushika usukani wa gari lolote, hata mjini. Mtu asiyetaka kuendesha tena, Falonne aliwaza usiku, kwa nini anataka sana kukaa kwenye kiti kile?

Hofu yake haikumzuia. Siku ya safari ya kwanza ikafika, asubuhi ya kiangazi, hewa nzito kwa moshi wa nyasi zinazochomwa. Régine alikuja mapema na chupa ya chai, akainama kwenye mlango mweupe.

"Kaa nyuma ya camion mpaka Kasumbalesa," alimwambia kwa sauti ndogo. "Hata kama inatembea kama konokono. Unasikia?"

"Nasikia, yaya."

Lakini ukikaa nyuma ya kila lori kwenye barabara ile, utafika soko limefungwa. Malori ya shaba yanaelekea mpakani usiku na mchana, yamelemewa, yanapanda kila kilima kwa kuugua. Lori la kwanza walilikuta muda mfupi baada ya kutoka mjini. Chisanga akashusha kioo, akatoa kichwa.

"Ngoja," akasema. Gari dogo likapita upande wa pili. "Sasa pita. Troisième, moto, pita!"

Mkono wa kushoto ukashusha gia kutoka ya nne hadi ya tatu, injini ikalia, pikapu ikatoka kama imechokozwa. Gurudumu baada ya gurudumu la lori lilirudi nyuma kando ya bega lake la kulia, halafu barabara ikafunguka yote mbele, nyekundu pembeni, na gia ya nne ikaingia kwa kubofya kidogo tu. Moyo wa Falonne ulijaa. Alielewa kwa nini Mutale alikuwa akirudi toka safari na macho yanang'aa hata akiwa amechoka. Alitaka kumwambia, kisha akakumbuka kwamba hayupo.

"Unaendesha kama ye," Chisanga akasema, akitabasamu. Falonne akapunguza mwendo.

Wakapita mahali penyewe pa ajali. Hapakuwa na alama, nyasi zilizoungua tu. Wote wawili walipajua. Mbele kidogo wakakuta lori jingine, refu, turubai limefungwa kwa kamba, likitambaa kwenye moshi. Walilifuata. Chisanga akatoa kichwa tena, upepo ukampiga usoni, macho ameyafinya.

"Njia iko vide, mama Abi. Pita."

Mkono ukashusha gia hadi ya tatu. Injini ikalia. Mguu ukaanza kukanyaga.

Lakini barabara pale inapinda kulia, na kwenye mpindo wa kulia, kwa muda mfupi, aliyekaa kulia huona mbele kwa kupitia ubavu wa lori. Falonne akaona. Lori la tangi la mafuta lilikuwa linakuja, jeupe kwenye moshi mweupe, bila taa, kwa mwendo wa mtu anayeteremka.

Mguu ukaachia. Barabara ikanyooka, ubavu wa lori ukajifunga tena, asiweze kuona chochote.

"Pita!" Chisanga akapaza sauti. "Pita sasa, juu ya nini unangoja? Iko vide!"

Ndiyo hii, Falonne akawaza. Régine alisema. Watoto wangu watabaki kwa nani? Akageuka kumtazama muuaji wa mume wake.

Chisanga alikuwa nusu mwili dirishani, kifua nje, uso umeelekea moja kwa moja kule tangi lilikokuwa linatokea. Hakujikunja, wala hakushika kitu. Alikuwa na uso wa mtu anayetazama barabara tupu asubuhi. Na Falonne akaona jambo ambalo wote walikuwa wamelikosa, yeye na Régine na umbea wote wa mjini: gari likitoka kupita, cha kwanza kukutana na tangi ni kiti cha kushoto. Mtu anayetaka kuua haweki kifua chake mwenyewe pale.

Akalivuta kulia gari lililokuwa limeanza kuegemea katikati ya barabara. Tangi likapita na kishindo, upepo wake ukaitikisa pikapu na kukikunja kioo cha pembeni cha kushoto. Chisanga akajirusha ndani, mikono kichwani.

"Mungu wangu! Ule alitoka fasi gani?"

Yalikuwa maneno ya matanga, kwa sauti ile ile.

Falonne akatoka barabarani, akasimama kwenye vumbi, akasahau klachi, na gari likaruka mara moja na kuzima.

"Beau," akasema. "Angaria kule mbele, chini ya ule muti mukubwa. Unaona nini?"

Chisanga akakunja uso. "Naona njia."

"Na pembeni ya njia?"

"Mavumbi. Moshi. Juu ya nini unaniuliza?"

"Kuko bamama banauzisha makala ya kupikia. Moja anavaa nguo nyekundu. Anatuita na mukono."

Chisanga akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, kirefu kupita kiasi. "Toka hapa? Aah, mama Abi. Hakuna muntu anaweza kuona vile."

"Bote banaona, beau."

"Bote nani?"

"Bantu bote. Hata Abigaël."

Kicheko kikaisha. Alitazama kule mbele tena, kwa muda mrefu, akafinya macho, akayafumbua, akayafinya. Yule mama wa nguo nyekundu alichoka kupunga, akaketi juu ya gunia lake. Chisanga hakuligundua hilo. Falonne alimwangalia akitafuta, na akatamani kwa moyo wake wote angekuwa muuaji. Muuaji, yeye Falonne angemchukia hadi kaburini na kulala vizuri. Huyu afanywe nini?

"Nilizani iko vile kwa bote," Chisanga akasema hatimaye, polepole. "Nilizani mbali iko vile. Kisiki... sikukiona. Niliona haya."

Akaweka mikono magotini, akaitazama, maana mikono aliiona vizuri.

"Yaya aliniuliza. 'Iko vide?' Nikamuambia iko vide. Akaniuliza tena, kama mwenye anasikia kintu. Nikamuambia, yaya, niko naona, pita." Akaitazama tena mikono. "Alitoka. Kisha akakata kuume, upande yake ye mwenyewe, akaingia chini ya camion. Miye nilizani amechanganyikiwa. Njia iko vide, anakata kuume juu ya nini? Nilimukasirikia, mama Abi. Kutufanya vile, pa njia ya bule, haina kintu! Mpaka leo, asubui hii, nilikuwa nimemukasirikia."

Falonne aliuona usukani huu huu mikononi mwa Mutale, na lori linalokuja, na upande mmoja wenye ndugu yake, na upande mwingine wenye yeye mwenyewe. Machozi yalimtoka bila sauti. Chisanga naye alikuwa analia; Falonne hakumfuta machozi, wala hakumwambia kwamba si kosa lake, kwa sababu hakuwa na hakika, na hakutaka kudanganya ndani ya gari lile.

Baadaye akakanyaga klachi, akawasha. Watoto walikuwa bado wanataka kula.

"Nani sasa ataangaria?" Chisanga akauliza.

"Hakuna. Tutabaki nyuma."

Wakaingia barabarani, wakalifikia lori jingine, wakabaki nyuma yake, gia ya pili, gia ya tatu, gia ya pili. Mkono wa kushoto ulifanya kazi yake vizuri, lakini furaha ilikuwa imeukimbia. Nyuma yao honi zikaanza. Magari yakachoka kungoja, moja baada ya jingine yakatoka kuwapita, yote ya Ujapani, usukani kulia.

Moja lilikaa sambamba nao kwa muda, jekundu, limejaa mizigo hadi darini. Dereva alikuwa kijana. Hakuwa akitazama mbele. Alikuwa amemgeukia mzee aliyekaa kushoto kwake, aliyetoa kichwa dirishani, kofia mkononi, akitazama moshi. Falonne aliona kinywa cha mzee kikifunguka. Hakusikia kitu, lakini neno alilijua.

Chisanga naye aliliona gari lile, kwa kuwa lilikuwa karibu. Alishika mpini wa dirisha, akapandisha kioo hadi juu.